Pilipili ya Kochi, dhahabu ya Kilwa

Wengi wetu tukipanda ndege ya India huwa tuna faili la hospitali mkononi. Mgonjwa anakwenda kufanyiwa upasuaji, ndugu mmoja anafuatana naye kumtunza, na huyo ndugu hujikuta na siku za kusubiri majibu ya vipimo katika mji asikomjua mtu. Chennai, Hyderabad na Delhi ndiyo majina tuliyoyazoea kwa shughuli hiyo. Kochi, katika jimbo la Kerala kusini-magharibi mwa India, nayo ina hospitali kubwa zinazopokea wagonjwa kutoka nje. Lakini kwa mtu wa pwani ya Afrika Mashariki, Kochi ni mji wa kuendea hata akiwa na afya tele, kwa sababu sehemu ya historia yetu imelala pale, na haikuandikiwa kibao.

Kwanza mgeni aelewe umbo la mji, maana bila hivyo atapotea. Upande wa bara kuna Ernakulam, penye majengo marefu, maduka ya dhahabu na foleni za magari zisizokwisha. Ng'ambo ya maji, magharibi, kuna rasi iliyobeba Fort Kochi na Mattancherry, na huko ndiko kwenye mambo. Katikati kimelala kisiwa cha Willingdon. Kisiwa hicho kilitengenezwa kwa mchanga na tope lililochimbwa kutoka chini ya maji miaka ya 1920 na 1930, mhandisi Mwingereza Robert Bristow alipokuwa akikiongeza kina cha bandari ili meli kubwa ziweze kuingia. Hata mlango wenyewe wa bahari una kisa chake. Inasimuliwa kwamba mwaka 1341 mto Periyar ulifurika vibaya, ukaijaza tope bandari ya kale ya Muziris iliyokuwa kaskazini, ile ambako meli za Warumi zilifuata pilipili, na papo hapo ukaifungulia Kochi njia ya baharini. Mji mmoja ukafa, mwingine ukazaliwa, na wafanyabiashara wakahamisha mizigo yao bila kulia sana.

Kutoka Ernakulam kwenda Fort Kochi unaweza kuchukua bajaji na kuzunguka madarajani, ukamaliza nusu ya asubuhi katika moshi. Usifanye hivyo. Kuna pantoni la serikali lenye nauli ya rupia chache tu, limejaa wanafunzi, wauza samaki na watumishi wa ofisini, na tangu mwaka 2023 kuna pia boti za umeme zinazotumia betri, safi, zenye viyoyozi, zinazoitwa Water Metro. Boti ni nzuri. Pantoni lina mazungumzo zaidi.

Watalii wengi wakishuka Fort Kochi huenda moja kwa moja kanisa la St Francis, basi tuanze hapo tulimalize. Wareno walijenga kanisa la mbao mahali hapo mwaka 1503, baadaye wakalijenga upya kwa mawe, na ndilo kanisa la kwanza la Wazungu katika ardhi ya India. Waholanzi walipouteka mji mwaka 1663 walilifanya la Kiprotestanti, Waingereza waliofika 1795 wakalifanya la Kianglikana, na leo liko chini ya Kanisa la India Kusini. Ndani bado zimening'inia panka za zamani, yaani mapazia marefu ya kupepea yaliyofungwa juu ya viti vya waumini, na kamba zake zinapenya ukutani hadi nje. Waliosali walikaa ndani wakipigwa na upepo. Wavuta kamba walikaa nje juani.

Upande wa kulia, sakafuni, kuna jiwe lililozungushiwa uzio mdogo. Vasco da Gama, aliyefia Kochi mkesha wa Krismasi ya mwaka 1524, alizikwa hapo. Watu hupanga foleni kulipiga picha. Kaburi lenyewe ni tupu, kwa kuwa mwaka 1539 mabaki yake yalihamishiwa Ureno.

Waongozaji watalii hupenda kusema pale kwamba huyu ndiye aliyegundua njia ya bahari ya kuja India. Mtu wa Malindi akisikia hivyo ana haki ya kutabasamu. Da Gama alifika Malindi mwaka 1498 akiwa hajui pa kushika. Sultani wa Malindi akampa rubani, na tarehe 24 Aprili akang'oa nanga. Siku 26 baadaye alikuwa mbele ya Calicut, bandari iliyoko kaskazini mwa Kochi. Kwa muda mrefu vitabu vilidai rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa ubaharia kutoka Oman. Wanahistoria wengi wa sasa hawakubali; wanaelekea kuamini alikuwa Mgujarati. Awe nani, alikuwa anafanya kazi aliyoizoea. Majahazi ya Waarabu, Wagujarati na Waswahili yalikuwa yakivuka bahari ile karne nyingi kabla, yakienda na kusi na kurudi na kaskazi, na nahodha aliyechelewa kung'oa nanga alijua kwamba atakaa ugenini hadi pepo zigeuke.

Alipofika Calicut, Da Gama alitoa zawadi zake kwa mfalme: vitambaa, kofia, mabeseni ya kunawia, sukari, mafuta na asali. Watu wa mfalme walicheka. Wakasema hata mfanyabiashara mnyonge kutoka Makka huleta zaidi ya hivyo, na kama anataka kumpa mfalme kitu, alete dhahabu. Hapo ndipo penye fundo la habari yote. Pilipili manga ilipandwa katika milima ya Kerala, Ulaya ililia kuipata, lakini Ulaya haikuwa na bidhaa ambayo Kerala iliitamani. Dhahabu ndiyo iliyozungumza. Na dhahabu iliyokuwa karibu zaidi ni ile iliyotoka bara la Zimbabwe, ikashuka Sofala, na kwa muda mrefu ikapitia mikononi mwa masultani wa Kilwa.

Kwa hiyo mtu akitaka kujua kwa nini Kilwa ilivamiwa, asome bei ya pilipili ya Kochi. Mwaka 1502 Da Gama alirudi na kundi la meli za vita, akatia nanga Kilwa, akamtisha Amiri Ibrahim kwamba atauchoma mji asipolipa kodi. Amiri akalipa kwa dhahabu. Dhahabu hiyo ilifuliwa Lisbon, na mwaka 1506 ikawa chombo cha ibada cha kanisani, kazi ya sonara Gil Vicente, ambacho hadi leo kimewekwa katika jumba la makumbusho la sanaa za kale mjini humo. Da Gama mwenyewe aliendelea na safari hadi Kochi, akapatana na mfalme na kujaza meli pilipili.

Miaka mitatu baadaye alikuja Francisco de Almeida, makamu wa kwanza wa mfalme wa Ureno katika bahari hii. Itazame safari yake ya mwaka 1505 kituo kwa kituo. Mwezi Julai aliiteka Kilwa, akamweka sultani wa kumtii na kuanza kujenga ngome. Agosti aliipora Mombasa na kuichoma moto. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa Kochi, mpole kabisa, akimvika mfalme wa huko taji la dhahabu lililoletwa kutoka Ureno. Mtu yule yule, meli zile zile, mwaka ule ule. Kochi ikawa makao makuu ya Wareno hadi mwaka 1530 walipohamia Goa, na ngome zao za Kilwa na Sofala zilikuwa chini ya mtawala aliyekaa huku. Katika vibao vya maelezo mjini Fort Kochi nimesoma habari za Lisbon, Amsterdam na London. Kilwa sikuiona hata mara moja.

Tutoke kanisani, kuna joto.

Ufukweni, hatua chache tu, zimesimama zile nyavu za Kichina ambazo zimo katika kila kalenda ya Kerala. Picha hazielezi jinsi zinavyofanya kazi. Kila wavu umening'inizwa kwenye miti mirefu ya msaji na mianzi iliyounganishwa kama mkono mkubwa, na nyuma ya mkono huo zimefungwa kamba zenye mawe mazito, moja juu ya jingine. Mtu mmoja akitembea juu ya gogo kuu kuelekea majini, uzito wake unatosha kuuzamisha wavu. Baada ya dakika chache wenzake wanne au watano wanavuta kamba kwa pamoja, mawe yanashuka moja moja, na wavu unapanda ukimwaga maji. Ni mizani ya jiwe na mwili wa mtu, haina mashine yoyote.

Nani aliyezileta? Simulizi ya mji inataja mabaharia wa China wa karne ya 14 na ya 15, zama ambazo zilifikia kilele kwa misafara ya amiri wao wa bahari, Zheng He. Meli zake zilitia nanga Kochi mara kadhaa, na baadhi ya misafara hiyo ilifika hadi pwani yetu. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa China na watu wakatoka kumshangaa. Wapo wataalamu wanaobisha, wakisema nyavu hizi huenda zililetwa na Wareno kutoka Macau, na wanaonyesha kwamba sehemu kadhaa za mtambo huo zina majina ya Kireno. Wavuvi wenyewe hawaonekani kuujali ubishi huo. Wanachokijali ni samaki, na samaki wamepungua. Uchimbaji wa mlango wa bandari umebadili mkondo, mbao za msaji zimepanda bei, na misimu mingine magugu maji hushuka kwa wingi kutoka maji ya ndani na kuzijaza nyavu majani matupu. Gugu mojawapo wenyeji wanaliita gugu la Afrika, ingawa asili yake ni Amerika Kusini. Hata hilo tumesingiziwa.

Kwa hiyo usishangae mvuvi akikuita uje kuvuta kamba pamoja naye kisha akatoa mkono. Siku nyingine hicho ndicho kipato chake kikubwa. Mpe, na uvute kwa bidii. Kazi ni nzito kuliko inavyoonekana.

Kati ya Fort Kochi na Mattancherry kuna kilomita mbili au zaidi kidogo, na ushauri wangu ni kutembea asubuhi na mapema. Utapita chini ya miti mikubwa iliyotanda matawi juu ya barabara nzima, utapita uwanja wa zamani wa gwaride ambako vijana wanacheza kriketi na mpira kwa wakati mmoja bila kugongana, na ukikata pembeni kidogo utafika uwanja wa madobi. Ni jamii ya Watamili ambao babu zao waliletwa kufua sare za askari wa kikoloni. Wapo hadi leo, wakifulia katika vyumba vya saruji vilivyopangwa mstari, kisha wanaanika nguo kwenye kamba zisizo na vibanio. Nguo huingizwa katikati ya nyuzi mbili zilizosokotwa, na upepo wa bahari hauwezi kuzichomoa.

Mattancherry inanuka kabla hujaiona. Ni tangawizi kavu, pilipili manga, iliki na vumbi la magunia. Barabara ya Bazaar imejaa maghala ya zamani yenye milango mizito inayofunguka upande wa barabara kwa malori, na kwa nyuma upande wa maji kwa mashua. Mengine yameshageuzwa mikahawa na maduka ya sanaa. Bado yapo yanayofanya kazi ile ile, na ukichungulia utaona wapagazi waliofunga misuli wakipepeta tangawizi au wakishona magunia. Hapa hapa, tangu mwaka 1957, palikuwa na soko la pilipili la mikataba ya baadaye, ambako madalali walipigizana kelele za bei chumbani, na bei hiyo ikafuatwa na wanunuzi wa nchi za mbali. Kompyuta zilizimaliza kelele hizo. Kwa mtu wa Unguja au Pemba, aliyekulia kwenye harufu ya karafuu zilizoanikwa barabarani, hakuna kinachohitaji kuelezwa hapa. India yenyewe ni mmoja wa wateja wakubwa wa karafuu zetu.

Kasri la Mattancherry linaitwa kasri la Waholanzi, na jina hilo ni la kupotosha. Wareno ndio waliolijenga, yapata mwaka 1555, wakampa mfalme wa Kochi ili kumtuliza baada ya kupora hekalu. Waholanzi walilikarabati tu, jina likawanata. Kwa nje halina fahari. Ingia ndani, uende chumba cha kulala cha mfalme, uangalie kuta. Kisa chote cha Ramayana, utenzi wa kale wa Kihindu, kimechorwa pale kwa rangi za mawe na mimea, nyekundu, kijani na manjano iliyokolea, watu wamebanana bila nafasi tupu hata ya kidole, macho makubwa, vito, ndege, nyani wa vita. Weka simu mfukoni, utazame.

Mlango wa pili kutoka kasrini lipo sinagogi la Paradesi la mwaka 1568. Ujirani huo haukuwa wa bahati. Wayahudi walikuwa wameishi Kodungallur, kule kwenye bandari ya kale, kwa karne nyingi. Waliposhambuliwa wakakimbilia Kochi, na mfalme wa Kihindu akawapa ardhi pembeni ya nyumba yake na hekalu lake. Wareno walipolichoma sinagogi mwaka 1662, lilijengwa tena kwa msaada wa Waholanzi. Sakafu yake ina vigae vya Kichina vyeupe na buluu, vilivyochorwa kwa mkono katika karne ya 18, na inasemwa hakuna viwili vinavyofanana. Juu zinaning'inia taa za vioo kutoka Ubelgiji. Mnara wa saa wa nje ulijengwa mwaka 1760. Unavua viatu, unaingia kimya, na kama una bahati ya kutokukutana na kundi la meli ya kitalii utapata nafasi ya kutazama vigae kimoja kimoja.

Waumini hawapo tena. Baada ya mwaka 1948 karibu wote walihamia Israel, familia baada ya familia, bila kufukuzwa na mtu. Mtaa umebaki na jina lao, Mji wa Wayahudi, na maduka yaliyokuwa yao sasa yanauza shali za Kashmir kwa wageni. Wauzaji ni wakali wa biashara. Bei ya kwanza ni ya mzaha, ya pili ni ya majaribio.

Mimi ningewaambia watu wasitumie muda mrefu hapo. Waendelee mbele kidogo, mitaa inakopungua watalii. Ndani ya eneo dogo la Mattancherry wanaishi Wagujarati, Wakachi, Wakonkani ambao mababu zao walikimbia kutoka Goa, Watamili, Waislamu wa pwani hii ya Malabar na Wakristo wa madhehebu yasiyohesabika, na kila jamii ina nyumba yake ya ibada, mpishi wake na ugomvi wake. Katika hekalu la Wajaini, saa sita mchana hulishwa njiwa. Kengele inapigwa na mamia ya ndege wanashuka uwanjani kama waliokuwa wakitazama saa. Wakachi wa hapa ni ndugu wa wale walioweka maduka Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam. Ukoo mmoja wa Kachi uliweza kumtuma mtoto mmoja Malabar na mwingine Unguja, na tofauti ya maisha yao ikawa ni upepo gani uliwachukua.

Kisha uulize njia ya Mangattumukku. Taja jina la Kappiri Muthappan, na mtu yeyote atakuonyesha kidole.

Hakuna jengo. Ni kona ya barabara yenye ukuta mdogo, na juu ya ukuta kuna mishumaa, mingine imewaka, mingine imeyeyuka na kuganda. Hakuna sanamu wala picha. Watu huja jioni, Wahindu, Wakristo, hata Waislamu, wakawasha mshumaa na kuacha sigara nene, kidogo cha tembo la mnazi, mayai ya kuchemsha, kipande cha nyama, puttu ya unga wa mchele. Aliyepoteza kitu huja kuomba akione. Msafiri aliyepotea usiku, husemwa, huonyeshwa njia na mtu mrefu mweusi aliyekaa juu ya ukuta akivuta sigara.

Huyo mrefu mweusi ni Mwafrika. Kappiri ni matamshi ya huku ya neno kafiri, jina walilobandikwa watumwa weusi ambao Wareno waliwaleta kutoka pwani ya Afrika, hasa kupitia Msumbiji. Walipakua mizigo, walilinda nyumba, walipigana vita vya mabwana zao. Mwaka 1663, Waholanzi walipokuwa langoni na Wareno wanajiandaa kukimbia, hazina isingeweza kubebwa yote. Simulizi ya Mattancherry ni kwamba mabwana walichimba mashimo kwenye kuta na chini ya miti, wakaweka dhahabu, wakamuua mtumwa mmoja juu ya kila shimo na kumzika hapo hapo, ili roho yake ilinde mali hadi wenyewe watakaporudi. Hawakurudi. Walinzi wakabaki.

Hakuna hati inayothibitisha kila sehemu ya kisa hiki, na mwanahistoria mwangalifu atasema ni masimulizi ya mdomo. Lakini masimulizi hayo yametunzwa kwa zaidi ya miaka 350 na watu ambao si wazao wa waliouawa, na hilo peke yake ni jambo la ajabu. Wasidi wa Gujarat na Karnataka, wenye asili ya Afrika, ni watu walio hai, wana vijiji vyao na ngoma zao. Wa Kochi hawakuacha wajukuu wanaojulikana. Waliacha babu wa kona, mpole, mpenda sigara, asiyemdhuru mtu. Nilimuuliza mwenye duka la karibu kama Kappiri ana hasira na jinsi alivyouawa. Alinitazama kama niliyeuliza jambo la kitoto. Akasema mzee hana hasira, ila ukimwahidi sigara usimletee ndogo.

Hapo nilisimama muda mrefu kuliko mahali pengine popote mjini. Sikujua la kusema. Kwa wazee wetu mtu hutoa salamu, basi nikatoa salamu. Shikamoo ilikuwa neno la Kiswahili lililopotea njia kwenye mtaa ule, ingawa sidhani kama lilikuwa la kwanza.

Njaa ikikushika, uko mahali pazuri. Mattancherry ina hoteli za zamani za biriani ya Kimalabar, mchele mfupi wenye harufu, nyama iliyopikwa ndani yake taratibu, na baada ya chakula huletwa sulaimani, chai ya rangi yenye ndimu na iliki. Mwenyeji wa Mombasa hatahitaji kufundishwa kuinywa. Asubuhi kuna appam, ya mchele uliochachushwa na nazi, laini katikati na kavu pembeni, binamu wa karibu wa kibibi chetu, inayoliwa na mchuzi wa tui. Samaki anayesifiwa zaidi ni karimeen wa maji ya ndani, aliyepakwa viungo, akafungwa kwenye jani la mgomba na kuchomwa. Ana miba mingi. Usimle ukiwa na haraka.

Chakula cha mtu wa kawaida, hata hivyo, ni mihogo. Mihogo ya kuchemsha na mchuzi mwekundu wa samaki, mkali hadi machozi. Mmea huo ulitoka Amerika kwa mikono ya Wareno, kama ulivyokuja kwetu, lakini Kerala ulisambaa hasa miaka ya 1880, mfalme Visakham Thirunal wa Travancore alipouhimiza kama kinga ya njaa. Korosho nayo ilipita njia hiyo hiyo kutoka Brazil. Viwanda vya kubangulia korosho vya Kollam, mwendo wa saa chache kusini mwa Kochi, kwa miongo mingi vimetegemea korosho ghafi kutoka Mtwara na Lindi. Ukinunua pakiti ya korosho za kukaanga stendi ya Ernakulam, huenda unarudishiwa mali yako kwa bei ya juu.

Kuhusu safari yenyewe. Kutoka Nairobi na Dar es Salaam wengi hupitia Mumbai, au Dubai, Doha na Muscat, kisha Kochi, ambako uwanja wa ndege tangu mwaka 2015 unajitosheleza kwa umeme wa jua. Viza inaombwa kwa mtandao. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ikae pamoja na pasipoti, isije ikabaki kwenye begi kubwa. Epuka Juni hadi Agosti kama hupendi mvua, maana kusi ileile inayotupa bahari chafu sisi ndiyo inayofika Kerala mwanzoni mwa Juni ikiwa imebeba maji ya kutisha. Desemba hadi Machi hali ni njema, na kila baada ya miaka miwili au zaidi kidogo kipindi hicho huwa na maonyesho ya sanaa ya Kochi-Muziris Biennale, yaliyoanza tarehe 12 Desemba 2012 katika maghala ya zamani kama Aspinwall House.

Kasri hufungwa Ijumaa, sinagogi Jumamosi, kwa hiyo mwenye siku moja tu achague nyingine. Aanze na kasri asubuhi kabla ya mabasi ya watalii, afike kwa Wajaini saa sita, ale biriani, na jioni apite Mangattumukku akiwa na kibiriti na sigara ya kutosha. Kanisa la St Francis atalipa dakika kumi zitakazobaki kabla ya pantoni la mwisho, na kama hazikubaki, basi.